Na Mwandishi Wetu

Kama kuna mtu anadhani kazi ya kuandika ni kukaa kivulini na kunywa chai, na atulie kidogo asikie yaliyompata Zilipendwa.

Hilo si jina lake. Wazazi walimpa jina zuri tu, la kwanza na la ukoo, lakini pale gazetini hakuna aliyelikumbuka. Walimwita Zilipendwa kwa sababu aliandika mambo ya kale: bendi zilizokufa, kumbi za dansi zilizogeuzwa maghala ya saruji, mitindo ya nywele iliyowafanya akina mama wafukuzwe kazi, nyimbo ambazo wafanyakazi waliimba mabosi wakidhani wanaburudika tu. Alikuwa mwandishi wa kujitegemea. Maneno hayo yanapendeza masikioni, lakini ukiyavua nguo yana maana moja: gazeti linamtegemea yeye, yeye hana wa kumtegemea.

Kila makala yake ilitoka na maneno yale yale chini ya kichwa cha habari: Na Mwandishi Wetu. Mwandishi Wetu aliandika historia ya ukumbi wa kwanza wa sinema, na ukurasa wa pili Mwandishi Wetu huyo huyo aliandika bei ya nyanya, na nyuma kule aliandika mechi iliyoahirishwa kwa sababu ya mvua. Hodari kweli, huyo Mwandishi Wetu. Halali usingizi.

Zilipendwa aliomba jina lake liwekwe. Aliomba kwa upole, akaomba kwa utani, akaomba kwa kununa. Mhariri wa makala, kijana wa shati lililonyooka ambaye chumba kizima kilimwita Mkasi kwa jinsi alivyokata kazi za watu, alikuwa na jibu moja: "Dada, hiyo ni sera. Majina ni ya walioajiriwa." Ukimwambia basi mwajirini, anakuambia nafasi zikitokea atajulishwa. Miaka ikaenda, nywele za Zilipendwa zikaanza mvi, na nafasi hazikutokea.

Safari hii alikaza. Makala ilihusu bendi ya wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, na picha pekee ya bendi ile ilikuwa ukutani kwao, kwenye fremu. Akamwambia Mkasi bila kupepesa macho: hakuna jina, hakuna picha. Mkasi akaguna, akajikuna shingo, akakubali.

Basi siku ya gazeti kutoka, Zilipendwa hakusubiri. Alikwenda mwenyewe kwa muuza magazeti wa kona, akanunua nakala mbili, moja yake na moja ya Shangazi, akasimama pale pale njiani watu wakimpita kushoto na kulia. Jina lilikuwepo. La kwanza, la ukoo, herufi nene. Alilitazama mpaka likawa kama la mtu mwingine. Akacheka peke yake, muuza magazeti akamwangalia kwa jicho la wasiwasi.

Kisha akasoma sentensi ya kwanza.

"Marehemu Chiriku alikuwa na sauti iliyofika hadi ghala la pamba bila kipaza sauti."

Marehemu. Yeye hakuandika marehemu. Angeandikaje marehemu, wakati Chiriku ndiye shangazi yake, dada wa baba yake, baba mmoja mama mmoja, na amemwacha nyumbani asubuhi hii hii akigombana na pasi? Akaruka hadi mwisho. Pale mwisho yeye alikuwa ameandika kwamba Jumamosi wapenzi wa muziki watamsikia Chiriku tena jukwaani, kwenye onyesho la bendi za zamani. Sentensi haipo. Mahali pake paliandikwa: "Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema peponi. Amina."

Ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Jina lake limesubiri miaka yote ile, na siku lilipotoka, limetoka juu ya maiti ya mtu aliye hai. Hasira ilimpanda mpaka utosini. Alilikunja gazeti kama mtu anayekunja shingo ya kuku, akashika njia ya nyumbani.

Huko nyumbani, gazeti lilikuwa limemtangulia. Kwenye kiti cha sebuleni alikaa mama mmoja mzee aliyewahi kufuma kiwandani, macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho. Mjukuu wake alikuwa amemsomea, akamleta hadi mlangoni, akaenda zake shule. Alikuwa analia kwa kwikwi, na Shangazi, mwenye moyo wake wa huruma, amemshika mkono anambembeleza bila kujua msiba ni wa nani.

"Nyamaza, dada yangu," alikuwa anasema. "Njia ni moja, sote tutaipita. Nani kafa?"

"Chiriku."

"Chiriku yupi?" Shangazi akauliza.

"Chiriku wetu. Wa kiwandani. Wameandika gazetini."

Shangazi aligeuka akaiweka pasi wima, polepole, isije ikaunguza gauni la Jumamosi. "Mama we," akasema, "Chiriku ndiye mimi. Nimekufa saa ngapi, na gauni lenyewe sijamaliza kulinyoosha?"

Yule mama akaupeleka mkono usoni kwa Shangazi, akapapasa shavu, pua, ule mwanya wa meno uliojulikana kiwanda kizima. Wakaanza kucheka. Walicheka mpaka wakashikana, wakacheka mpaka kikohozi kikawashika. Zilipendwa alikuwa amesimama mlangoni na magazeti yake mawili, hana pa kuyaficha.

"Lete," Shangazi akasema, na kicheko kikaanza kumtoka usoni. Akavaa miwani. Alisoma kichwa cha habari, akalisoma jina, akasoma sentensi ya kwanza na ya mwisho. "Hee. Ndiyo kwanza jina lako linatoka, mwanangu, ukaamua kuanza na mimi?"

Alisema kwa utani, ule utani wake wa kumchokoza mtoto wa kaka yake tangu akiwa mdogo. Lakini ulichoma.

"Si mimi, Shangazi. Mimi sikuandika hivyo."

"Najua. Wengine watajuaje?"

Simu ikaita. Alikuwa mratibu wa onyesho, mtu mwenye haraka zake, nyuma yake unasikia nyundo na watu wanabishana. Alitoa pole nyingi. Alisema wamepata pigo, lakini onyesho lazima liendelee: picha ya marehemu itawekwa jukwaani, watu watasimama dakika moja, na "Kengele ya Kiwanda", wimbo wa Chiriku, utaimbwa na msanii chipukizi ambaye vijana wanampenda.

"Msimpe mtu wimbo wake," Zilipendwa akasema. "Yuko hai. Yuko hapa, anapiga pasi."

"Dada yangu, gazeti limeandika amefariki."

"Gazeti limekosea."

"Aliyeandika ni wewe. Jina lako liko juu. Sasa nimwamini nani, wewe wa simuni au wewe wa gazetini?" Alisema bila ubaya, kama mtu anayeuliza njia. "Ratiba inachapishwa kesho mchana. Wafadhili nimeshawaambia ni dakika ya ukimya. Gazeti likirekebisha kesho, nami nitarekebisha. Nje ya hapo, nitaonekana mimi ndiye kichaa."

Shangazi alikuwa amesikia yote, simu yenyewe ilikuwa ya kupiga kelele. Alikwenda akachomoa pasi. Miaka mingi alikuwa hajapanda jukwaani. Kiwanda kilipofungwa, bendi nayo ilikufa, na alikaa kimya mpaka barua ya mwaliko ilipokuja mwezi uliopita. Tangu siku ile alikuwa akijaribu sauti bafuni, mlango umefungwa, akidhani hasikiki. Alisema tu, "Subiri nivae viatu."

"Unakwenda wapi?"

"Nataka nimwone aliyeniua."

Kwenye geti la gazeti, mlinzi aliwazuia. Alikuwa mgeni kazini, lakini hata yule wa zamani angewazuia, kwa sababu Zilipendwa hakuwahi kupewa kitambulisho. Miaka yote aliandikishwa kwenye daftari la wageni.

"Unamtaka nani? Wewe ni wa hapa?"

"Mimi ni Mwandishi Wetu."

Mlinzi akafikiri. "Wetu nani? Mimi sikujui."

"Ndiyo hivyo. Hata mimi nimeanza kujiuliza."

"Na mama huyu?"

"Andika marehemu," Shangazi akajibu, na mlinzi akaandika, masikini, akidhani ni jina la ukoo wa watu wa mbali.

Juu, chumba cha habari kilikuwa na joto na harufu ya nyaya za kompyuta. Shangazi aliachwa kwenye benchi nje ya mlango wa kioo. Mkasi alikuwa anakula karanga juu ya kibodi, anafurahi.

"Dada Zilipendwa, umetisha. Hiyo makala inasambaa kila mahali. Watu wanalia mitandaoni."

"Nani alikuambia Chiriku amekufa?"

Mkasi alisimamisha mkono na karanga zake. "Wewe."

"Mimi?"

"Umeandika alikuwa. 'Chiriku alikuwa na sauti.' Nikajua basi, hayupo. Kwa gazeti letu aliyekuwa ni aliyekufa, na ukimtaja marehemu bila kusema marehemu, ukoo mzima unakuja hapa mlangoni. Ilishatokea. Siku hizi mtu wa zamani nikimwona, namwekea tu. Ni usalama."

"Alikuwa na sauti, maana yake sauti ndiyo imebadilika. Mwenye sauti yuko. Wewe jana ulikuwa na njaa, umekufa?"

"Sasa usipandishe, dada."

"Na pale mwisho? Niliandika ataimba Jumamosi."

"Ukurasa ulijaa. Mimi nakata mkiani, kila mtu anajua. Nikaona nimekata sana, umebaki mstari mmoja mtupu. Nikaujaza."

"Ukaujaza kwa dua."

"Dua ina ubaya gani?"

Ndugu msikilizaji, kuna wakati hasira inakuwa kubwa mpaka inakosa mlango wa kutokea. Zilipendwa alimtazama yule kijana, aliyekuwa akinyonya wakati yeye ameshaanza kupekua nyaraka kwenye vumbi la maktaba, akimweleza bila aibu kwamba amemzika mtu ili kujaza mstari. Na alikuwa hajui hata kama amekosea. Mtu aliyekosea akajua, unaweza kuongea naye.

"Andika kuomba radhi," alisema. "Itoke kesho. Useme gazeti liliongeza maneno, Chiriku yu hai na Jumamosi anaimba."

Mkasi akajifuta chumvi mikononi. Sauti yake sasa ikawa ya ofisini. "Kosa la gazeti lina utaratibu wake. Linakwenda kwenye kamati ya uhariri. Kamati inakaa Jumatatu."

"Onyesho ni Jumamosi."

"Naelewa. Lakini," akaangalia huku na huku, "kosa la mwandishi halina kamati. Hilo naliandika mwenyewe sasa hivi, kesho liko mtaani. Mwandishi fulani aliandika kimakosa, tunaomba radhi. Basi, yamekwisha."

"Fulani nani?"

"Wewe si ulitaka jina?"

Watu wawili watatu waliinua vichwa, wakaviinamisha haraka. Zilipendwa alishika ukingo wa meza. Mtu anayeandika historia hana mtaji mwingine. Hana cheo, hana kitambulisho, ana kuaminika tu: akisema mwaka fulani wafumaji waligoma, waligoma, akisema wimbo huu ulipigwa marufuku, ulipigwa. Nani atampa tena habari zake za zamani mwandishi aliyeshindwa kujua kama shangazi yake yuko hai? Magazeti mengine yanasoma. Wahariri wote wanajuana. Jina lilikuwa na umri wa nusu siku na tayari linadaiwa kafara.

Mlango wa kioo ukasukumwa. Shangazi alikuwa amechoka kukaa benchini.

"Huyu ndiye?" akauliza.

Mkasi akasimama wima, karanga zikamwagika. Alimtambua kwa ile picha, kwa ule mwanya. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Usiogope, sikuja kukusumbua ndotoni." Alimgeukia Zilipendwa. "Nimesikia. Kioo chenyewe hiki chembamba. Twende nyumbani, mwanangu."

"Shangazi, Jumamosi."

"Mimi nimeshaimba. Nimeimba mpaka ghala la pamba, wewe mwenyewe umeandika. Wewe bado hujaandikwa." Akamshika kiwiko. "Twende. Hasira hasara."

Hapo ndipo Zilipendwa alipokaribia kulia, na akakasirika zaidi kwa kukaribia kulia mbele ya Mkasi. Alikumbuka mlango wa bafuni uliofungwa na ile sauti nyuma yake, inapanda, inakatika, inaanza upya kutoka chini. Angeweza kuishi bila jina. Alishaishi. Lakini kukaa ukumbini Jumamosi, karibu na Shangazi, wamesimama wote wawili dakika moja kumkumbuka Shangazi, hilo hapana.

"Andika," alimwambia Mkasi.

"Mwanangu."

"Andika, kaka. Weka jina langu lote, usikate. Na nitasimama hapa hapa mpaka nione umeandika yu hai."

Kesho yake ilitoka, chini ya matangazo ya viwanja, herufi za kusomwa kwa tochi. "Katika toleo la jana, mwandishi," na hapo jina lake, la kwanza na la ukoo, "aliandika kimakosa kuwa mwimbaji Chiriku ni marehemu. Chiriku bado yuko hai na ataimba Jumamosi. Tunaomba radhi kwa usumbufu." Usumbufu! Kumfukia mtu mchana kweupe ni usumbufu, kama bomba la maji limekatika. Na hiyo "bado" nayo, kama vile walikuwa wanasubiri. Zilipendwa alikata kipande kile, akampelekea mratibu, na mratibu akarekebisha kama alivyoahidi.

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa. Wafumaji wa zamani walikaa mbele na fimbo zao. Mratibu alipanda jukwaani na kipaza sauti, akataka kuwachekesha watu.

"Mwimbaji anayefuata gazeti lilimzika juzi. Kuna mwandishi mmoja sijui alikuwa na haraka ya rambirambi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Zilipendwa, safu ya nne, aliutazama mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake. Mtu wa pembeni alimgusa bega akasema, "Waandishi wa siku hizi bwana," akacheka naye. Alikubali kwa kichwa, angefanya nini.

Shangazi alipanda taratibu, gauni limenyooka. Hakuanza kuimba. Alimnyang'anya mratibu kipaza sauti kama anavyonyang'anywa mtoto kisu.

"Acheni kucheka," alisema. Ukumbi ukatulia. "Mimi niliuawa na mwingine, kwa mkasi. Aliyeandika habari zangu hakuniua. Yeye ndiye aliyekwenda kuuzoa wimbo huu kwenye vumbi mlikoutupa, na mwaka mliogoma ameuandika, na majina ya waliofukuzwa ameyaandika, mmoja mmoja. Kisha akakubali kuitwa mwongo ili mimi nisimame hapa. Ni mtoto wa kaka yangu." Akalitaja jina lake, la kwanza na la ukoo. Akasubiri. Akalitaja tena, polepole, kwa sauti ile ya kufika ghalani.

Kisha akaimba. Sauti haikuwa ya zamani, tusidanganyane. Kwenye ubeti wa pili ilikwama, ikatoka na mchanga. Yule mama mwenye mtoto wa jicho akakidaka kiitikio kutoka kitini, na safu nzima ya mbele ikamfuata. Zilipendwa hakuona vizuri kilichoendelea baada ya hapo.

Jumatatu asubuhi simu yake ililia. Meseji, Mkasi.

"Dada Zilipendwa, habari ya Chiriku ukumbini ni gumzo. Tunaitaka leo kabla ya saa tisa. Jina tusiliweke kwa sasa, unajua tena yaliyotokea. Itatoka kwa Mwandishi Wetu."

Zilipendwa alikuwa mezani jikoni, makala yenyewe iko mbele yake, imefika katikati. Shangazi alikuwa anamenya viazi na kujiimbia, mlango wazi. Zilipendwa alisoma meseji mara moja tu.

"Pole sana, mhariri," aliandika. "Mwandishi Wetu alikuwa hodari. Mungu ailaze roho yake mahali pema peponi. Amina."

Jibu lilikuja hapo hapo. "Sijakuelewa. Nani kafa?"

"Soma vizuri. Nimeandika alikuwa."

Alizima simu, akaisukuma hadi kwenye maganda ya viazi. Makala ile hakujua bado angempelekea nani. Alirudi juu kabisa ya ukurasa, chini ya kichwa cha habari, akaandika Na, kisha akaliandika jina lake lote.